Waja Leo, Warudi Leo

Ndugu msomaji, kuna sentensi moja ambayo nimeisikia katika mikutano ya kazi yangu kuliko sentensi nyingine yoyote, nami mwenyewe nimeitamka mara zisizo na idadi. Sentensi hiyo ni hii: "Wananchi bado hawana mwamko." Husemwa pale mfumo wa kompyuta uliogharimu fedha nyingi unapofika kijijini ukakwama. Husemwa kwa sauti ya upole, kama daktari anayemhurumia mgonjwa, kisha mwenyekiti wa mkutano huandika katika kumbukumbu zake kwamba elimu zaidi inahitajika, na posho za semina hupangwa.

Mimi ni mwandishi wa programu za kompyuta. Kazi hii nimeifanya tangu mwaka 2004, na sehemu kubwa ya miaka hiyo niliifanya nikiwa nimekaa katika chumba chenye kiyoyozi jijini Dar es Salaam. Mwaka 2018 niliutumia wote nikitembea mwambao wa kaskazini, kuanzia Bagamoyo hadi Moa karibu na mpaka wa Kenya, na kituo changu kikubwa kikiwa Tanga. Niliyoyaona mwaka ule yamenifanya niamini kwamba sentensi ile ni uongo. Tena ni uongo unaotulisha sisi wenye kuusema. Ndiyo maana naandika haya, ingawa najua kuna wenzangu ambao hawatafurahi.

Kwanza nieleze jinsi nilivyokwenda. Kampuni niliyokuwa nikiifanyia kazi, ambayo sitaitaja, ilikuwa imetengeneza programu mbili za kutumika mwambao. Ya kwanza ilikuwa ya kuwakumbusha wagonjwa siku zao za kliniki kwa ujumbe wa simu ya mkononi. Ya pili ilikuwa ya kuandikisha samaki wanaoshushwa ufukweni. Zote mbili niliziandika mimi, pamoja na vijana wawili niliokuwa nikiwasimamia. Taarifa zilipoanza kuja kwamba programu hizi hazitumiki ipasavyo, niliagizwa niende Tanga kwa siku tatu nikaone shida ni nini. Nikaenda. Nikalala hotelini, nikakutana na maofisa, nikaonyeshwa kompyuta zikiwaka, nikarudi. Taarifa yangu ilikuwa ya kurasa nne, na sentensi ile ya mwamko ilikuwa katika ukurasa wa kwanza.

Watu wa Tanga wana msemo wao mashuhuri: waja leo, warudi leo. Wengine huutumia kuisifia Tanga, wengine huutumia kumtania mgeni. Siku ile nilipokuwa nikipanda basi la kurudi Dar es Salaam, mzee mmoja aliyekuwa akiuza kahawa stendi aliniuliza nimekuja lini. Nikamwambia juzi. Akaniuliza kwa kazi gani. Nikamweleza. Akanicheka, akasema, "Haya mwanangu, waja leo warudi leo." Sikukasirika wakati ule. Hasira ilikuja baadaye, nilipokuwa mezani kwangu naisoma tena taarifa yangu, nikagundua kwamba katika kurasa zote nne hapakuwa na mtu hata mmoja anayetumia programu zile. Palikuwa na maofisa na kompyuta tu. Nikaomba likizo ya mwaka bila mshahara. Walidhani nimepata kazi kwingine.

Nilianzia Bagamoyo mwezi wa Januari, upepo wa kaskazi ukivuma, nikapita Saadani na Mkwaja kwa magari ya kuunga, nikavuka mto Pangani kwa pantoni kutoka Bweni. Mwezi wa Februari nilipanga chumba Kigombe, kijiji cha wavuvi kilicho kati ya Pangani na Tanga. Barabara ile wakati huo ilikuwa bado ya vumbi. Masika yote nilikaa Tanga mjini, Ngamiani, ambako mitaa huitwa kwa namba, barabara ya ngapi na ya ngapi. Kusi lilipoanza nikarudi kusini hadi Kipumbwi, kisha nikapanda hadi Moa. Miezi ya mwisho niliimalizia Pangani. Sikuwa mtalii, wala sikuwa mfanyakazi. Nilibeba kompyuta yangu ndogo, nikawa nawasaidia watu kuandika barua na kutengeneza simu zilizoharibika, na nikawa naangalia.

Sasa nikusimulie jambo lililonivunja moyo.

Ilikuwa Jumanne, tarehe 13 Machi 2018. Nilikuwa nimekwenda hospitali moja ya mwambao ule, ambayo nayo sitaitaja, kumtazama jirani yangu aliyelazwa. Baada ya sala ya adhuhuri nikamkuta bibi mmoja amekaa peke yake katika benchi la nje, kanga ameifunga kichwani, na mjukuu wake wa kike wa miaka kama kumi amelala kwenye mapaja yake. Jicho moja lilikuwa limefunikwa na ukungu mweupe, la pili limeanza. Mtoto wa jicho.

"Shikamoo, bibi," nikamwambia.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Mbona mpo hapa peke yenu?"

Akatoa simu ndogo kutoka katika pindo la kanga, akanipa. "Hebu nisomee hapa. Huyu mjukuu wangu kanisomea jana, na mwalimu wa madrasa kanisomea, wote wamesema maneno yale yale. Nisomee na wewe."

Nikasoma. Ujumbe ulisema: Kliniki ya macho, Jumanne tarehe 13, saa 08:00. Usikose.

"Si saa nane?" akaniuliza.

"Ndiyo, bibi. Saa nane."

"Na sasa ni saa ngapi?"

Nikatazama. Ilikuwa saa saba na nusu mchana. Bibi yule alikuwa amewahi kwa nusu saa. Lakini daktari wa macho, ambaye alikuwa akifika pale mara moja kila baada ya miezi mitatu, alikuwa ameanza kazi saa mbili asubuhi, akamaliza, akaondoka. Karani wa dirishani alikuwa amemwambia bibi kwamba amechelewa na angoje hadi mwezi wa Juni.

Ndugu msomaji, ujumbe ule niliuandika mimi. Niliyeketi Dar es Salaam nikachukua neno "saa" la Kiswahili, nikalibandika mbele ya namba ambayo kompyuta hutoa kwa hesabu ya Kizungu, ya kuanzia usiku wa manane. Kwa Mswahili, siku huanza jua linapotua, na saa za mchana huhesabiwa tangu asubuhi. Saa moja ni pale jua limekwisha chomoza. Saa nane ni baada ya adhuhuri. Hili nalijua tangu utotoni. Mama yangu hakunifundisha saa nyingine. Lakini nilipokaa mbele ya mashine nililisahau, kwa sababu mashine haikunikumbusha, na kwa sababu wote tuliokuwa chumbani tulikuwa tumezoea kuitazama 08:00 na kuitamka saa mbili bila hata kufikiri. Mwenye mazoea ya saa za simu hugeuza mwenyewe kichwani. Bibi yule hakuwa na sababu ya kugeuza chochote. Aliambiwa saa nane kwa Kiswahili, akaja saa nane kwa Kiswahili.

Nilikwenda dirishani kumweleza karani. Alikuwa kijana mwema, amechoka. Alinisikiliza, kisha akaniambia kwa sauti ya chini ili bibi asisikie: "Kaka, hawa watu wa vijijini hawana mwamko. Kila kliniki ni hivi hivi, nusu wanakuja mchana." Akanionyesha daftari. Mbele ya majina mengi palikuwa pameandikwa: hakufika. Nilijua daftari lile linakwenda wapi. Huingizwa kwenye kompyuta, huwa jedwali, na jedwali lile nilikuwa nimeliona mwenyewe Dar es Salaam kabla ya safari. Nilikuwa nimelitumia katika taarifa yangu kama ushahidi kwamba wagonjwa wa mwambao hawajali afya zao.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilifungua kompyuta yangu nikarekebisha kosa. Ni hesabu ya kutoa sita, pamoja na maneno machache ya kutaja kama ni alfajiri, asubuhi, mchana, jioni au usiku. Ilinichukua muda usiozidi saa moja. Nikaituma kwa wenzangu. Jibu likaja baada ya wiki mbili: marekebisho yatafikiriwa katika awamu ijayo ya mradi, na wakati huo huo imependekezwa itolewe semina ya kuwafundisha wananchi kusoma saa ya kimataifa.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba sentensi ya mwamko ina kazi maalumu. Inahamisha kosa. Kosa likiwa kwangu, nalirekebisha kwa saa moja na hakuna wa kunilipa zaidi. Kosa likiwa kwa bibi wa Kigombe, linahitaji mradi, na mradi una bajeti, magari, fulana na chakula cha mchana. Usifikiri nasema kuna watu waliokaa wakapanga njama. Hapana. Ni mazoea tu. Lakini mazoea yanayomwacha mtu na upofu kwa miezi mitatu zaidi yanastahili kuitwa kwa jina baya.

Niende kwenye programu ya pili, ya samaki. Hii niliiangalia Kigombe na baadaye Kipumbwi. Kila diko lilikuwa na karani aliyepewa simu ya kisasa, na kila siku alitakiwa kujaza aina ya samaki na uzito wake kwa kilo. Mimi ndiye niliyeamua kwamba nafasi ya uzito haiwezi kuachwa tupu wala kujazwa sifuri. Niliona ni akili nyingi. Nilifikiri karani mvivu atajaza sifuri kila siku ili alale, basi nikaizuia sifuri.

Sasa, wavuvi wa dagaa wa mwambao huvua kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa, dagaa hawafuati taa, na vyombo hupandishwa mchangani. Watu hushona nyavu, huziba mianya ya ngalawa, huoa na kuozesha. Kila mtoto wa pwani anajua. Programu yangu haikujua. Kila siku ya mbalamwezi ilimtumia karani onyo kwamba hajajaza taarifa, na akijaribu kujaza ukweli, yaani sifuri, ilimkatalia. Karani afanye nini? Aliandika kilo 5, siku nyingine 8, siku nyingine 12, ili mashine imwache apumzike. Nilipochapisha jedwali la miezi kadhaa, nikaona samaki wazuri kabisa waliovuliwa usiku wa mwezi mpevu, wakati ambapo mimi mwenyewe nilikuwa nimekaa na wavuvi wale ufukweni tukinywa kahawa, na hakuna chombo kilichoingia majini.

Juu ya hayo, samaki pale hawauzwi kwa kilo. Huuzwa mnadani kwa tenga, kwa ndoo, kwa fungu, kwa mtungo. Mizani ilikuwapo, imeletwa na mradi mwingine, na ilikuwa imefunikwa kwa turubai. Karani alikuwa akikisia. Namba zikapanda kwenye mtandao, zikafika makao makuu, zikawa michoro ya rangi, na mtu mmoja aliyevaa tai akasimama mbele ya wengine akaeleza hali ya uvuvi wa Tanga.

Nani hapa hakuwa na mwamko?

Watu wa mwambao huu wana kalenda ya mwezi kwa ajili ya ibada. Mabaharia wao wa zamani walikuwa na kalenda nyingine ya jua, iliyohesabiwa tangu Nairuzi, siku ya mwaka, kwa miongo ya siku kumi kumi, ili kujua upepo utageuka lini. Wana hesabu ya bamvu na maji mafu. Wana saa yao. Nahodha anaporudi, mapato hugawanywa kwa mafungu: la chombo, la nyavu, la nahodha, la kila baharia, na hesabu hiyo hufanyika mchangani, mbele ya watu wote, bila karatasi na bila ugomvi. Mtu mwenye kalenda mbili na mgawanyo wa namna hiyo huwezi kumwita asiyejua hesabu. Unaweza kusema tu kwamba hesabu yake hukuiuliza.

Wala si watu walioanza kusoma jana. Katika karne ya 19 wamisionari wa Magila, huko Muheza, walikuwa wakichapa gazeti la Kiswahili, na mwanzoni mwa karne ya 20 gazeti la Kiongozi lilitoka Tanga. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, kijiji cha Tanga, mwaka 1909, na amezikwa Machui, kando ya barabara ile ile niliyokuwa nikipita kwa bodaboda. Nilipita pale mara nyingi nikiwa na mashine mgongoni iliyojaa maneno ya Kiingereza, nikienda kuwaambia watu wa kwao kwamba lugha yao haijatosha.

Maana hilo nalo husemwa. Husemwa kwamba Kiswahili hakina maneno ya kompyuta. Nami nasema, mwaka 2004, mwaka ule ule nilioanza kazi hii, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa programu ya ofisi iliyofasiriwa kwa Kiswahili, wakaiita Jambo OpenOffice. Maneno yalitafutwa, yakapatikana, yakawekwa. BAKITA ipo tangu mwaka 1967. Kilichokosekana ni sisi waandishi wa programu kuyatumia. Tuliona aibu. Tuliogopa kuonekana washamba mbele ya wafadhili. Na pale tulipoandika Kiswahili, tuliandika kama nilivyoandika mimi ujumbe wa kliniki: neno la kwetu, fikra ya kwingine.

Kuna hoja ambayo wenzangu hunipa, nayo lazima niijibu kwa haki. Wanasema: lakini ni kweli watu wengi vijijini hawajawahi kutumia kompyuta, je, huoni kwamba elimu inahitajika? Naona. Sijasema mtu azaliwe anajua. Lakini tazama fedha za simu. M-Pesa ilianza nchini kwetu mwaka 2008. Miaka 10 baadaye, nilipokuwa Moa, nilimwona mama muuza samaki asiyeweza kuandika jina lake akipokea fedha kutoka Tanga mjini, akihakiki salio, akituma sehemu kwa mwanawe, na akimgombeza wakala kwa makato. Nani alimpeleka semina? Hakwenda. Alijifunza kwa jirani, kwa sababu kitu chenyewe kilimfaa, kilifanya kazi katika simu aliyonayo, kilimsemesha Kiswahili, na palikuwa na mtu wa kumuuliza mlangoni pake. Mwamko wake ulikuwapo siku zote. Ulingoja kitu cha maana.

Hoja ya pili ni ya gharama. Wanasema haiwezekani kumweka mwandishi wa programu kijijini kwa mwaka, ni ghali mno. Nami nauliza, ghali kuliko nini? Chumba changu cha Kigombe, pamoja na chakula, kwa mwezi mzima, kilikuwa nafuu kuliko siku zangu tatu za hotelini. Kilichokuwa ghali ni programu mbili ambazo zilizalisha uongo kila siku kwa miaka, na maamuzi yaliyofanywa kwa uongo huo.

Tena hili si jambo jipya katika nchi yetu. Kompyuta ya kwanza ya serikali ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974, baada ya mfumo wa kuendesha hesabu za serikali kwa kompyuta kushindwa, uingizaji wa kompyuta nchini ukapigwa marufuku. Wengi wa rika langu hulitaja agizo lile kwa kucheka, kama ushahidi wa woga wa wazee. Nilikuwa nikicheka pia. Siku hizi sicheki sana. Marufuku yale yalituchelewesha, sikatai, na ilibidi yaje kulegezwa. Lakini wazee wale walikuwa wameona jambo moja kwa macho yao: mashine yaweza kuvuruga hesabu ambazo watu walikuwa wakizimudu kwa daftari, na lawama ikawaangukia wenye daftari.

Wazee wengine niliokutana nao, waliofanya kazi katika mashamba ya mkonge zama za ukoloni, walinikumbusha jambo jingine. Walinisimulia habari za kipande. Kilikuwa kadi yenye nafasi 30. Mfanyakazi alipomaliza kazi aliyopimiwa, nafasi moja iliwekwa alama, na mshahara ulingoja nafasi zote zijae. Ukiumwa, siku haikuhesabiwa. Usipomaliza kiwango, siku haikuhesabiwa, ingawa jua limekupiga tangu asubuhi. Mzee mmoja wa Muheza, nilipomwonyesha programu ya samaki katika simu, aliitazama kwa muda mrefu akaniuliza: "Hiki kipande ni cha nani?" Nikamwambia si kipande, ni mfumo wa takwimu. Akasema, "Mimi nauliza, akishajaza, yeye anapata nini?"

Sikuwa na jibu. Karani wa Kigombe alikuwa akijaza kila siku, na hakuna kilichowahi kurudi. Hakurudishiwa bei ya samaki ya asubuhi ile katika soko la Deep Sea, jambo ambalo lingewafaa wavuvi wote kijijini kabla ya mnada. Hakurudishiwa hata jumla ya alichoandika mwenyewe. Taarifa ilikuwa na njia moja tu, ya kupanda. Kama kipande kilihesabu kwa manufaa ya mwenye shamba, changu kilihesabu kwa manufaa ya mwenye michoro.

Najua wapo waandishi wa programu waungwana, na wapo vijana wa Tanga, Arusha na Dar es Salaam wanaofanya vizuri kuliko nilivyofanya mimi. Siandiki kuwadharau. Naandika kwa sababu uwezo wetu umekua haraka kuliko unyenyekevu wetu. Mikongo ya mawasiliano ya baharini ilipofika Dar es Salaam mwaka 2009 na 2010, tulifurahi kwamba sasa tunaweza kuhudumia kijiji chochote bila kutoka ofisini. Tulilichukulia hilo kuwa ni baraka tupu. Kumbe lilituondolea ile adha ndogo ya kupanda basi, na adha ile ndiyo iliyokuwa ikitufundisha.

Basi nasema yangu wazi. Mtu asiitwe mtengenezaji wa programu ya kliniki kama hajakaa kwenye benchi la kliniki ile kuanzia alfajiri hadi magharibi, si mara moja, bali hadi makarani wamzoee waache kumwonyesha kompyuta tu. Programu ya Kiswahili itumie saa ya Kiswahili, na anayeona hilo ni dogo nampeleka kwa bibi wa Kigombe akamweleze. Kila programu inayomwomba mwananchi taarifa imrudishie kitu, tena siku ile ile. Na sentensi ya mwamko ifutwe katika taarifa zetu. Anayetaka kuiandika kwanza athibitishe kwamba ameikagua kazi yake mwenyewe mbele ya anayemlaumu.

Mwezi wa Juni mwaka ule nilisafiri kutoka Kipumbwi siku mbili kabla ya siku ya kliniki ya macho. Ujumbe ulikuwa umetumwa tena kama zamani, saa 08:00, maana awamu ijayo ilikuwa bado haijafika. Nilikwenda nyumba kwa nyumba Kigombe pamoja na mwalimu wa madrasa, tukiwaambia watu kwamba saa nane hii ni saa mbili asubuhi. Tuliondoka na daladala ya kwanza, giza bado, bibi akiwa kiti cha mbele. Njiani akaniuliza nani aliyeandika saa za namna ile. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia ni ofisini Dar es Salaam. Nikamwambia ni mimi.

Akanyamaza mpaka tukaipita Tongoni. Kisha akasema, "Wewe ni mtoto wa Kiswahili?"

"Ndiyo, bibi."

"Ulikuwa huijui saa?"

Nikasema naijua. Hakuniuliza zaidi, nami sikuwa na la kuongeza. Daktari alimwona asubuhi ile, akapangiwa siku ya kupasuliwa jicho. Hilo la kwanza ambalo lilikuwa limefunikwa muda mrefu, daktari alisema lingekuwa na nafuu zaidi lau angefika mapema.